Mtaa Uliopona kwa Adabu

Mwenye kukohoa akohoe sasa, amalize kabisa, ndipo tuanze. Huko tuendako kikohozi hakina pa kukaa.

Siku walipokuja kulichukua Pafu la Bondeni, watu wa mtaa walipiga makofi. Bi Sikudhani binti Mfaume naye alipiga, tena akaongeza kigelegele, kwa sababu alikuwa kungwi, na kungwi akiona watu wamesimama duara hawezi kuuzuia ulimi wake. Alidhani wamekuja kulisafisha. Mafundi wakapanda ngazi, wakafungua nati, wakalifunga minyororo lile pipa la kioo refu kama mnara, maji yake ya kijani yakitikisika, mwani wake hai ukigeukageuka ndani kama mboga kwenye sufuria. Tangu liwekwe pale, kati ya bomba la maji na bucha, lilikuwa linakoroma kama mume aliyeshiba: linameza moshi wa Tanuri la betri upande huu, linatema pumzi safi upande ule. Sasa likanyamaza. Watu wakatazamana kama waliozimiwa redio katikati ya taarabu.

"Hongereni sana," alisema kijana mmoja aliyevaa shati la bluu la Idara ya Hali Njema ya Jiji la Mtangani. Jina lake Festo, na alikuwa na sura ya mtu aliyezoea kuleta habari asizozipenda. "Mtaa wenu umepona."

"Umepona nini, baba?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Umepona tu, mama. Mwaka huu Bondeni mmeongoza jiji zima kwa kujisikia wazima. Mmewapita hata Kilimani kwenye miti na chemchemi. Kwa hiyo Pafu linapelekwa kwa wagonjwa."

"Wagonjwa wapi?"

"Kilimani."

Watu wakacheka. Walidhani anatania. Bwana Mshamu, fundi cherehani mwenye mguu wa kushoto uliovimba kama boga la mavuno, alijipenyeza mbele aone vizuri. "Lakini kijana hasemi uongo," alisema. "Sisi kwa kweli hatujambo." Kisha akakohoa mpaka kofia ikamwanguka.

Festo aligeuza uso pembeni, kwa heshima, kama mtu aliyeona nguo ya ndani ya jirani kwenye kamba. Sheria ilimtaka afanye hivyo.

*

Sheria yenyewe haikuwa na ubaya. Ndiyo maana iliweza kuua.

Zamani kidogo jiji lilikuwa na mitambo iliyoonja jasho kwenye vitasa vya milango, ikajua nani ana kisukari kabla mkewe hajajua. Watu wakafukuzwa kazi kwa jasho lao. Wachumba wakaachana kwa jasho lao. Mwishowe watu waliandamana, wakavunja vitasa vyote, jiji zima likalala milango wazi, na baraza likapitisha Sheria ya Kauli ya Mwenyewe. Tangu hapo hakuna mtambo ulioruhusiwa kusikiliza kikohozi, wala kupima pumzi, wala kuutazama mguu wa mtu. Mwili ni siri. Anayejua hali ya mtu ni mtu mwenyewe, na neno lake halibishwi.

Ndipo zikasimikwa nguzo za Msikivu, moja kila njia panda, nyembamba, zenye matundu juu kama chujio la chai. Msikivu hajui jina la mtu wala sauti yake. Anachosikiliza ni hali. Akisikia mtu anaulizwa habari gani, umeamkaje, hujambo, au anapewa pole, basi hukamata jibu linalofuata na kulihesabu hapohapo liliposemwa, kwa faida ya mtaa ule. Mtaa ukisema unaumwa, hutafutiwa dawa. Na dawa kubwa ilikuwa Pafu, maana wasomi walikuwa wamekwisha kuthibitisha kwamba mtu akizungukwa na hewa safi, na mti, na mtaro usionuka, hujisikia mzima. Hilo hata Bi Sikudhani asingelibisha, na yeye aliishia darasa la saba. Ila kuna mtu huko maofisini, penye ubaridi, aliigeuza ile habari kama khanga ndani nje: kwamba anayejisikia mzima, basi lazima amezungukwa na mema. Bondeni wanasema wazima. Kwa hiyo Bondeni pana hewa nzuri. Kwa hiyo Pafu la nini?

Tanuri lilikuwa palepale nyuma ya bucha, likiyeyusha betri chakavu za pikipiki za jiji zima, bomba lake limeinamia Bondeni kama mgeni asiyejua kukaa. Moshi wake ulikuwa mtamu kidogo ulimini. Wageni waliusifu.

Na watu wa Bondeni, ambao hawakufundishwa na mama zao kumjibu mtu vibaya, nguzo yao walikuwa wameipa jina la Mkwe. Mbele yake hakuna aliyejamba wala aliyelalamika.

*

Mume wa Bi Sikudhani, Mzee Kondo, alikuwa amekoroga uji wa risasi ya betri Tanurini mpaka alipostaafishwa. Pafu lilipokuwepo alilala ubavu kama watu. Pafu lilipoondoka alianza kulala ameketi, mito mgongoni, kama abiria wa treni isiyofika. Midomo yake ikageuka rangi ya zambarau. Lakini kila asubuhi jirani akipita dirishani na kuita, "Mzee Kondo, umeamkaje?" alikusanya pumzi yote aliyoichuma tangu alfajiri, akaitupa nje kwa mkupuo mmoja: "Salama salimini!"

Nguzo ilikuwa hatua chache kutoka dirishani.

"Mume wangu," alisema Bi Sikudhani, akimfuta jasho, "huyo jirani ungemwambia unaumwa ungepungukiwa nini?"

"Anga... angesikitika."

"Si ndiyo kazi ya jirani?"

"Mke wangu, mtu anakuuliza hali... asubuhi yote hii. Hajanywa hata chai. Umtwishe... mapafu yako?"

Bi Sikudhani akatoka, akamfuata Festo ofisi ya mtaa alikokuja kuchukua vipuri vya mwisho. Alikuwa amejiandaa kwa maneno makali, na maneno makali alikuwa nayo ya akiba, ya miaka. Lakini yule kijana alimkatiza kabla hajafungua kinywa.

"Najua, mama. Najua bomba linatazama wapi. Nimesoma, si kwamba sina macho. Mapafu ni machache kuliko mitaa. Yangegawiwa kwa macho yangu, ningempa shangazi yangu. Ndiyo maana wameweka nguzo."

"Na hao wa Kilimani wanaumwa nini?"

"Ukimuuliza mtu wa Kilimani habari za asubuhi, anakueleza." Festo alihesabu kwa vidole kama anayepanga nyanya. "Hakulala vizuri. Shingo imekaza. Moyo mzito. Mbwa wake ana huzuni."

"Mbwa!"

"Mbwa hahesabiwi. Lakini yote mengine yanahesabiwa." Akafunga begi lake. Alipofika mlangoni akasita. "Mimi kuniambia haisaidii, mama. Mwambieni Mkwe wenu."

*

Basi ngoma ya unyago ikatolewa darini mchana kweupe, wala hakukuwa na mwali.

Uwanja wa Bi Sikudhani ukajaa. Wanawake walikaa mbele, na wanaume, ambao maisha yao yote walikuwa wakitamani kujua kungwi anafundisha nini, walikaa nyuma wakijifanya wamekuja kusindikiza wake zao.

"Leo si mambo ya chumbani," aliwatangazia, "kwa hiyo wazee mnaweza kusinzia." Akaketi kwenye kigoda, mwiko mkononi. "Wengi hapa niliwafundisha mimi. Niliwafundisha mkiulizwa hali mjibu vizuri, hata kama mume amekupiga na mtoto ana degedege. Nilifundisha vizuri mno. Leo nafundua. Bi Tatu, njoo."

Bi Tatu, muuza maandazi, akaja amejitanda khanga.

"Hujambo, Bi Tatu?"

"Sijambo, shikamoo."

Mwiko ukalia kwenye goti. "Hujambo?"

"Sija... kifua kidogo."

"Kidogo?"

"Kifua."

"Kimefanya nini?"

"Kinanibana."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Muongo! Tangu uolewe!"

Uwanja ukaangua kicheko, na kicheko kikageuka kikohozi kikazunguka uwanja mzima, safu kwa safu, mpaka Bi Sikudhani akalazimika kupiga ngoma ili kinyamaze. Akamwita Bwana Mshamu.

"Bwana Mshamu, u hali gani?"

"Mimi mzima. Mguu ndio unaumwa."

"Mguu ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi nani anaumwa?"

Bwana Mshamu aliupapasa mguu wake. "Mguu," alisema. "Mimi nausindikiza tu."

Haikuwa kazi rahisi. Kulikuwa na waliosema ni kukufuru, mtu amepewa uhai bado analalamika. Bi Sikudhani aliwajibu kwamba Mungu anawasikia wanavyohema alfajiri, hana haja ya kuulizia. Asiyejua ni chuma. Kulikuwa na walioona haya. Kulikuwa na bibi mmoja aliyelia, akasema amezika wanne na hajawahi kumwambia mtu yeyote kwamba amechoka, na sasa anaambiwa akaiambie nguzo. Huyo hakupigwa mwiko.

Wakajifunza. Wakaanza kutembea wawiliwawili mpaka chini ya Mkwe, mmoja auliza, mmoja ajibu, kisha wanabadilishana. Mwanzoni walikuwa wanaona aibu kama wachumba. Baadaye wakapata ladha. Ikawa ukienda bombani asubuhi unasikia, "Mwenzangu, ini." "Afadhali ini, mimi mgongo." Wakawa wanashindana. Na jambo la ajabu, kati ya yote waliyosema, hapakuwa na uongo hata mmoja. Walikuwa wanasema walichokuwa nacho.

Mzee Kondo peke yake alikataa. "Mimi chuma nilikuwa nakikoroga," alisema. "Leo nikipigie magoti?" Mkewe hakubishana naye. Kila alipoona jirani anakaribia asubuhi, alilifunga dirisha, ile "salama" ya mumewe isifike nguzoni.

*

Pafu likarudi. Safari hii watu hawakupiga makofi. Walisimama kimya wakitazama minyororo inavyofunguliwa, wakiogopa hata kutabasamu, wasije wakaonekana wamepona. Mwani ulikuwa mchanga, wa kijani cha kung'aa. Mashine ikakohoa bila haya, kisha ikaanza kukoroma.

Usiku ule Mzee Kondo alilala ubavu. Bi Sikudhani alikaa kando yake akisikiliza pumzi inaingia, inatoka, inaingia, akatamani kuamsha mtaa mzima wajionee. Mumewe aliamka na njaa. Alidai ngisi.

Festo alikuwa bado anakaza nati za mwisho alipopelekewa chai.

"Ulitufaa, baba," alisema Bi Sikudhani. "Kilimani hawakulia?"

"Kilimani?" Festo alipuliza chai. "La Kilimani liko Kilimani. Wale hawaponi. Hili limetoka Magengeni. Ndio wanaoongoza sasa, wanasema njema kuliko mtaa wowote."

Bi Sikudhani alikuwa ameshika birika. Akaendelea kulishika.

Magengeni ni upande wa pili wa Tanuri. Upepo ukitoka bahari, moshi huja Bondeni. Ukigeuka, huenda Magengeni. Huko alikuwa anaishi Siwatu, mdogo wake, tumbo moja ziwa moja. Na huyo Siwatu alikuwa akilea mjukuu, Zuwena, mtoto wa pumu tangu kuzaliwa, ambaye mama yake alikwenda Uarabuni kufanya kazi na hajarudi.

"Na wao wakijua kusema?" aliuliza.

"Litarudi kwao."

"Na sisi?"

Festo alimtazama. Hakuwa mtu mbaya. "Mama, ukipata njia iliyo bora, niambie, nitaipeleka juu. Sikudanganyi, nitaipeleka. Mimi mwenyewe nimetafuta sijaiona." Akamaliza chai, akashukuru, akaondoka.

Bi Sikudhani aliitafuta njia hiyo. Aliitafuta akikuna nazi, aliitafuta akifua. Mtu wa maneno kama yeye, aliyewahi kumshawishi mume wa watu arudi nyumbani kwa mistari mitatu tu! Lakini kila alikogeukia aliona pipa moja la kioo, na mitaa miwili, na mzee mmoja anayedai ngisi.

*

Siwatu alikuja mwenyewe. Alikuja mchana, jua kali, amembeba Zuwena mgongoni ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutembea. Aliketi kwenye kigoda, kilekile cha kufundishia, akamshusha mtoto mapajani. Mabega ya Zuwena yalikuwa yanapanda na kushuka kama ya mtu anayepanda ngazi, na hali ameketi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Habari za huko?"

"Huko njema tu," alisema Siwatu, na Bi Sikudhani akafumba macho. "Ila Pafu wamelichukua. Walituambia tumepona. Tukapiga makofi, dada, tulivyo wajinga."

"Hata sisi tulipiga."

"Na la kwenu limerudi. Naliona hapo. Mmefanyaje?"

Hilo ndilo swali, na jibu lake lilikuwa jepesi. Lilikuwa la kutamka kwa pumzi moja, kama salamu. Angesema: msijibu njema, semeni mnaumwa, mnaposimama chini ya nguzo. Siwatu alikuwa mwepesi wa kujifunza tangu utotoni. Angerudi Magengeni na kabla ya mwezi kuandama wote wangekuwa wanaumwa.

Ndani, Mzee Kondo alikuwa anaimba. Alikuwa hajaimba tangu astaafu. Aliimba vibaya, alikosea maneno, alikata katikati akaanza upya, kwa sababu sasa aliweza kuanza upya.

"Shemeji anaimba," alisema Siwatu, akatabasamu.

"Anaimba."

"Sasa mlifanyaje, dada?"

"Hata hatujui," alisema Bi Sikudhani. "Waliondoa, wakarudisha. Si unawajua watu wa jiji. Ni kudra tu."

Siwatu aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na sababu ya kutoamini. Tangu wakiwa watoto, dada yake alikuwa akidanganya wengine, si yeye. Akakubali uji. Bi Sikudhani alimwambia amwache mtoto, Zuwena akae Bondeni mpaka apate nafuu. Alilisema kwa haraka, kama mtu aliyeona mlango. Lakini Siwatu akakataa: mama yake mtoto hupiga simu ya video kila Ijumaa, naye hutaka kumwona kitandani kwake, kwenye shuka alilolituma yeye, ndipo roho yake itulie. "Tutamleta sikukuu," alisema.

Bi Sikudhani angeweza kusisitiza. Alisisitiza mara moja.

*

Zuwena hakufika sikukuu.

Magengeni walifunga turubai barabarani, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine kilichonyooka mtaa mzima, kamba ya kona waliifunga kwenye nguzo ya Msikivu. Msiba wote ukawa chini yake. Watu wakaja kwa makundi, na kila kundi likasema "poleni," na wafiwa wakajibu, kama ipasavyo, "tushapoa." Poleni, tushapoa. Poleni, tushapoa. Kutwa nzima. Hakuna mtaa uliowahi kusema umepona mara nyingi kiasi kile kwa siku moja.

Wanawake wa Bondeni walikuja na lori la kukodi, wamevaa kaniki. Bi Tatu alikuwa wa kwanza kushuka. Mama mmoja wa Magengeni akampokea kwa mikono miwili, "Karibuni, karibuni. Habari za Bondeni?"

Na Bi Tatu, ambaye siku hizi alikuwa hafikirii tena, akajibu: "Habari gani mwenzangu, kifua kinabana, usingizi sina, kichwa kama kinapigwa nyundo."

Wa pili yake akadakia, "Afadhali wewe, mimi figo."

Turubai lote likawageukia. "Hawa wamekuja kuzika au kushindana?" alinong'ona mtu kwenye mkeka.

Bi Sikudhani hakuwa na nafasi ya aibu. Aliitazama kamba, akaifuata kwa macho mpaka kwenye nguzo, mpaka kwenye yale matundu. Neno huhesabiwa liliposemwa. Wanawake wake walikuwa wanaugulia upande usio wao. Akawavuta pembeni, nyuma ya masufuria, akamfinya Bi Tatu mkono.

"Hapa jibuni kwa adabu!"

"Si ulisema tukiulizwa..."

"Nilisema kule! Kwetu! Hapa semeni njema, semeni salama, ninyi vipi? Mkiugua hapa Pafu linarudi huku!"

Alipogeuka, Siwatu alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo ya maji ya kunawia. Hakuiangusha. Aliiweka chini taratibu, akaifuta ukingo kwa upande wa khanga, kama kwamba ukingo wa ndoo ndio ulikuwa na neno.

"Kumbe," alisema.

"Siwatu."

"Kumbe ni kusema tu."

"Siwatu, mdogo wangu, shemeji yako..."

"Shemeji nilimsikia akiimba." Sauti yake haikupanda. Ingekuwa afadhali ipande. "Nilifurahi, dada. Nilikwenda nyumbani namwambia Zuwena, umemsikia babu? Nilikuuliza nimekaa kwenye kigoda chako. Ungeniambia hapana, ungeniambia kweli kisha uniambie hapana, siwezi, nina mume. Ningelia. Lakini ningejua."

Bi Sikudhani akainama kuichukua ile ndoo, Siwatu akaisogeza kwa mguu.

"Sasa nimejua," alisema Siwatu. "Na sijui niyafanyeje. Nikiwafundisha hawa," akaashiria kwa kidevu mikeka iliyojaa, "namuua shemeji. Nisipowafundisha, tazama watoto walivyo wengi. Ndicho ulichonigawia. Mimi nitafikiri nikimaliza tanga. Lakini wewe, dada, hutangoja. Nenda kakae pale. Wewe ndiye mkubwa wetu leo, watakuja kukusalimia. Kaa, uwajibu. Nataka nisikie tu."

Akamshika mkono, akamwongoza mpaka kwenye mkeka wa mbele, chini kabisa ya ile kamba, akamkalisha, akampangia mto mgongoni kwa upole. Kisha akasimama kando yake.

Wa kwanza alikuwa mama kijana, mtoto wake mbavuni, kichwa cha mtoto kimelala begani na mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka. Alipiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari yako, bibi? U mzima?"

Mtoto akamtazama. Alikuwa na macho makubwa, ya mtu aliye kazini, kazi yenyewe kuvuta pumzi. Bi Sikudhani alikuwa na magoti yanayowaka, na moyo wenye jiwe, na kifua ambacho usiku kilipiga filimbi. Angeweza kusema lolote katika hayo na lingekuwa kweli. Lilikuwa neno moja tu. Pafu lisingehama kwa neno moja. Wala kwa mawili. Alimfikiria Kondo, jinsi alivyomwacha asubuhi akijikuna tumbo, akisema leo kuna msiba lakini kesho usisahau ngisi.

"Nzuri, mwanangu," alisema. "Mzima kabisa."

"Tunamshukuru Mungu," alisema yule mama, akaubusu mkono wake, akainuka kumpisha mwingine.

Siwatu alichukua ndoo yake akaenda kunawisha watu.

Na nyuma ya yule mama palikuwa na mwingine, na nyuma yake wengine wawili, na babu mmoja na mkongojo, na wasichana waliovua viatu. Foleni ilipinda mpaka ng'ambo ya barabara, kwa maana Magengeni ni watu wa heshima, na hakuna aliyetaka kuondoka bila kumjulia hali bibi mkubwa. Alimjibu kila mmoja.